Nani huchagua uso wa kompyuta? Safari ya Linux kutoka Helsinki hadi Kiswahili cha Maniema

KASONGO – Ukiingia katika nyumba ya birotike, pale watu wanapopeleka barua za kuomba kazi, ripoti za shule na karatasi za mashamba ili zichapwe, jicho huangukia kwanza kioo cha kompyuta. Kwa miaka mingi, katika ofisi nyingi za dunia, kioo hicho kilionyesha kilima kimoja cha majani mabichi chini ya mbingu ya buluu yenye mawingu meupe. Kuna waliodhani kimechorwa. Kilima hicho ni cha kweli. Kipo Sonoma, katika jimbo la California huko Marekani, na mpiga picha Charles O'Rear alikipiga mwaka 1996 alipokuwa akipita njiani na gari. Kampuni ya Microsoft iliinunua picha hiyo, ikaiweka mbele ya Windows XP iliyotoka mwaka 2001. Tangu hapo mtu aliyewasha mashine Kindu, Kasongo, Kalemie au Kabambare alikutana na kilima cha Sonoma, bila mtu yeyote kumuuliza kama anakipenda.

Picha inaweza kubadilishwa, hilo ni kweli. Wenye birotike huweka picha ya harusi, ya mchezaji mpira, ya mtoto aliyepata diploma. Lakini umbo la madirisha, mahali pa vitufe, maneno ya menyu na namna mashine inavyozungumza na mtu, hayo yalibaki vile yalivyoamuliwa na mwenye kampuni. Na ikiwa programu yenyewe ni nakala isiyolipiwa, mashine humwaibisha mwenyewe mbele ya wateja: ukuta wa kioo unageuka mweusi na maneno ya onyo yanatokea kwenye kona.

Ipo familia nyingine ya kompyuta ambayo historia yake ilikwenda njia tofauti. Inaitwa Linux. Ndani yake swali la nani achague sura ya mashine limegombewa kwa miaka mingi sasa, na ugomvi huo unawahusu watu wa Maniema kuliko wanavyodhani.

Mwanzo wake ni Marekani, mwaka 1984, katika chuo cha teknolojia cha MIT. Robert Scheifler na Jim Gettys walikuwa wakitengeneza programu ya kuchora madirisha kwenye kioo, wakaiita X. Wao na wenzao walishika kanuni moja: X ijue namna ya kuchora dirisha, lakini isiseme dirisha liwe na sura gani. Kazi hiyo ya sura iliachiwa programu nyingine ndogo, msimamizi wa madirisha, ambaye mtu anaweza kumwondoa na kumweka mwingine bila kuharibu mashine. Ni kama fundi anayesimamisha miti ya nyumba na kuezeka, halafu anamwachia mwenye nyumba achague mlango, madirisha na udongo wa kupaka ukutani. Kampuni zilizouza mashine nyumba na rangi pamoja zilikataa njia hiyo. Waliofuata X walijikuta, karibu bila kukusudia, wamefungua mlango kwa kila mtu mwenye jicho na mikono.

Mlango mwingine ulikuwa wa sheria. Mwaka 1983 Richard Stallman, naye wa MIT, alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kumpa jirani. Miaka minane baadaye, mwaka 1991, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, Linus Torvalds, aliwatangazia watu kwamba ameandika kiini cha mfumo wa namna hiyo, kwa kujifurahisha tu. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ya Stallman. Mtu akikipokea na kukibadilisha, akikitoa tena lazima akitoe kwa ruhusa ileile. Hakuna anayeweza kukiweka kabatini na kufunga kufuli.

Leo kiini hicho kiko mfukoni mwa watu wengi wa Kasongo. Simu zote za Android, zikiwemo Tecno na Itel zinazouzwa kwenye vibanda vya soko, zinatembea juu ya kiini cha Linux. Mama anayempigia simu ndugu yake aliyebaki Salamabila kwa simu ya kugusa ana kazi ya yule mwanafunzi wa Helsinki mkononi, ingawa hakuna aliyemwambia.

Picha ya kwanza ambayo watu wa Linux waligawana kwa wingi haikuwa ya mlima wala gari. Ilikuwa ya ndege mnene, pengwini aliyeshiba na kukaa kitako. Alichorwa na Larry Ewing mwaka 1996 kwa programu ya kuchora ya bure iitwayo GIMP, na jina lake ni Tux. Ewing aliruhusu kila mtu kumtumia na kumbadilisha, mradi ataje aliyemchora na programu aliyotumia. Basi Tux alivikwa kofia, miwani, bunduki, jezi za mpira. Hakuna aliyefika mahakamani.

Miaka hiyohiyo vijana wa nchi mbalimbali walianza kuvisha mashine zao. Robert Nation alikuwa amekwisha kutoa msimamizi wa madirisha aitwaye FVWM mwaka 1993. Baadaye Carsten Haitzler wa Australia alitoa mwingine, Enlightenment, ambaye dirisha lake liliweza kuonekana kama chuma chenye kutu, kama ngozi au kama kioo. Mwaka 1996 Mjerumani Matthias Ettrich alilalamika kwamba programu za Linux hazifanani, kila moja na sura yake, mtu wa kawaida anapotea. Akaanzisha KDE, eneokazi lililokamilika lenye sura moja. Mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena wa Meksiko walianzisha la pili, GNOME.

Neno eneokazi linahitaji kusimamishwa kidogo hapa. Ndilo jina la Kiswahili la ule uwanja unaouona mashine ikishawaka: ukuta, alama ndogo za programu, mstari wa saa na menyu. Rangi, maumbo, alama na herufi zikifungwa pamoja katika furushi moja zinaitwa mandhari. Mtu anatengeneza mandhari yake, analiweka mahali pa wote, mwingine wa mbali analichukua, anabadilisha rangi moja, analirudisha kwa jina lake na la yule wa kwanza. Mwaka 2001 Frank Karlitschek, Mjerumani, alifungua gulio la namna hiyo kwa watu wa KDE, na maelfu ya mandhari yamepita humo.

Aliyewahi kukaa kwa fundi wa cherehani sokoni anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Fundi ametundika ukutani kalenda ya mitindo. Mteja anakuja na kitenge na picha ya nguo aliyoiona harusini. Fundi anaangalia, anakata, anaongeza mkono hapa, anapunguza kiuno pale, na wiki ijayo fundi wa jirani ameiga mkato huo. Hakuna anayekumbuka nani aliushona kwanza. Tofauti ni kwamba watu wa Linux waliandika jina la kila fundi ndani ya furushi.

Halafu Afrika ikaingia kwa mlango wa mbele. Mark Shuttleworth, kijana wa Afrika Kusini, aliuza kampuni yake ya usalama wa intaneti mwaka 1999 kwa mamia ya mamilioni ya dola. Mwaka 2002 alilipia safari ya kwenda anga za juu kwa chombo cha Warusi, akawa raia wa kwanza wa nchi huru ya Afrika kufika huko. Aliporudi alitumia sehemu ya fedha zake kutengeneza Linux rahisi kwa watu wa kawaida. Ilitoka Oktoba 2004. Jina lake ni Ubuntu.

Neno hilo ni la Wazulu na Waxhosa, lakini hakuna wa Maniema anayehitaji kamusi. Waswahili wanasema utu, na Waluba wa upande wa kusini wanasema bumuntu. Nembo yake ni watu watatu walioshikana mikono katika duara, ukiwatazama kutoka juu. Na sura ya mashine ilikuwa ya kahawia, rangi ya udongo na ngozi, wakati kampuni nyingine nyingi zilipenda buluu. Mandhari hayo yaliitwa Human, yaani Binadamu. Wazungu wengi waliicheka rangi hiyo wakasema ni chafu, haivutii. Cheko hilo halikuwa la rangi peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza mashine ya dunia nzima kuvaa rangi iliyochaguliwa kwa kuwaza Afrika, na jicho lililozoea kilima cha Sonoma halikuwa tayari.

Shuttleworth alifanya jambo jingine lililowafaa watu wasio na intaneti. Hadi mwaka 2011 mtu aliweza kuandika jina na anwani yake ya posta, akaletewa diski za Ubuntu bila kulipa hata senti ya usafirishaji. Wakfu wake huko Afrika Kusini uliweka pia vibanda vilivyoitwa Freedom Toaster: mtu anakuja na diski tupu, anaondoka na programu. Kasongo ina vibanda vya aina yake. Ni vile vya vijana wenye paneli ya jua wanaochaji simu na kujaza nyimbo na sinema kwenye flashi kwa franka chache. Flashi inayobeba rumba inaweza kubeba Linux nzima, tena mashine inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa kilichomo ndani yake. Klaus Knopper wa Ujerumani alilionyesha jambo hilo mwaka 2000 kwa diski yake iitwayo Knoppix.

Lakini utu wa Ubuntu ulipimwa mwaka 2010. Rangi ya kahawia iliondolewa, zikaja zambarau na chungwa. Pamoja na hizo, vitufe vya kufunga na kupunguza dirisha, ambavyo watu walivizoea upande wa kulia, vilihamishwa kushoto. Kelele zilikuwa kubwa. Watu waliuliza kwa nini jamii haikupigiwa kura. Shuttleworth alijibu, kwa kifupi, kwamba mambo ya sura hayaamuliwi kwa kura, na kwamba kuwa wazi hakumaanishi kila mtu ana sauti katika kila jambo. Wengi waliumia. Wengine walimwelewa, kwa sababu baraza la watu elfu likichagua rangi ya ukuta, nyumba haitapakwa kamwe.

Kilichofuata ndicho kinachofaa kukumbukwa. Ndani ya muda mfupi watu walikuwa wakifundishana amri ya mstari mmoja ya kurudisha vitufe kulia. Mwenye mamlaka alichagua, na asiyekubali alirekebisha nyumbani kwake. Mwaka 2011 GNOME ilipotoa toleo lake la tatu na kuondoa menyu za zamani, mtumiaji mmoja wa Argentina alichukua ile GNOME ya pili iliyoachwa, akaipa jina la kinywaji cha kwao, MATE, akaendelea nayo. Ipo hadi leo. Katika programu za kampuni, toleo likifa limekufa. Katika Linux, toleo lililokufa linaweza kuokotwa na mtu yeyote mwenye subira.

Hata hivyo wenye kuandika programu nao wana malalamiko yao, na si ya bure. Mwaka 2019 kundi la waandishi wa programu za GNOME lilitoa barua ya wazi likiomba wasambazaji wasiwavishe programu zao mandhari ya kigeni. Rangi za mtu mwingine, walisema, hufanya maandishi yasisomeke na alama zipoteze maana, halafu lawama zinawaangukia wao. Aliyewahi kuona kioo cha maandishi ya kijivu juu ya ukuta wa kijivu atawapa haki kidogo.

Kwa familia zilizokimbia, sehemu inayofuata ina uzito zaidi kuliko rangi zote.

Teritware ya Kabambare imeona watu wakihama mara nyingi kwa sababu ya mapigano ya makundi yenye silaha, hasa upande wa Salamabila kwenye dhahabu. Wengi walifika Kasongo na kwingineko na kile walichoweza kubeba kichwani. Karatasi za kuzaliwa zilibaki. Picha za wazazi zilibaki. Zilizookoka ni zile zilizokuwa ndani ya simu, au ndani ya kompyuta ndogo ya mwalimu mmoja au mchungaji aliyewahi kuzipiga.

Linux imejengwa kwa namna ambayo inamfaa mtu wa safari. Kila mtumiaji ana sehemu moja tu iliyo yake, na jina lake kwa Kiingereza ni home, yaani nyumbani. Humo zinakaa picha zake, barua zake, sauti alizorekodi. Humo pia inakaa sura yote ya eneokazi lake: ukuta aliouchagua, rangi, ukubwa wa herufi, mpangilio wa menyu. Sura hiyo si kitu kilichochimbiwa chini ya mashine. Ni mafaili, mengi yakiwa ya maandishi na mepesi kuliko wimbo mmoja. Mtu akiinakili nyumba hiyo kwenye flashi na kuiweka kwenye mashine nyingine yenye Linux ya aina ileile, anawasha na kukuta picha ya mama yake ukutani, herufi ni kubwa kama macho yake yanavyotaka, kila kitu mahali pake. Studio ya redio ya jamii iliyolazimika kuhama inaweza kufanya vivyo hivyo: mpangilio wa chumba cha matangazo unasafiri ndani ya mfuko wa shati.

Kuna mtego mmoja. Mafaili hayo ya sura yamefichwa. Majina yao huanza na nukta, na mtu anayenakili picha zake tu hawezi kuyaona. Rob Pike, aliyefanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani, ameeleza kwamba ufichaji huu ulianza kwa ajali. Zamani mwandishi wa programu ya kuorodhesha mafaili alitaka kuficha vitu viwili tu visivyo na faida kwa msomaji, kimoja kikiwa na jina la nukta moja na kingine nukta mbili. Kwa uvivu akaandika kwamba kila kinachoanza na nukta kisionyeshwe. Watu wakaona ni mahali pazuri pa kuweka mipangilio yao, na uvivu ukawa desturi ya dunia. Katika madirisha ya mafaili ya GNOME, MATE na Xfce, kubonyeza Ctrl na H kwa pamoja huyafunua. Nakili nyumba nzima, siyo kile unachokiona tu.

Na kuna hatari halisi. Kwa kuwa mandhari hugawanywa na watu wasiojuana, furushi linaweza kubeba zaidi ya rangi. Desemba 2009 iligundulika kwamba picha ya maporomoko ya maji ya kupamba kioo, iliyowekwa kwenye gulio la GNOME, ilikuwa na amri za siri za kuitumikisha mashine ya mpokeaji kushambulia mashine nyingine. Machi 2024 lilitokea jambo baya zaidi kwa mtu mmoja aliyetumia KDE: aliweka mandhari kutoka gulio rasmi, na mandhari hayo yakafuta mafaili yake yote. Hayakuwa ya mwizi. Aliyeyaandika alikosea amri moja ya kufuta. Watu wa KDE walikiri kwamba mandhari ya aina hiyo yanaruhusiwa kuendesha amri ndani ya mashine, jambo ambalo watumiaji wengi hawakulijua.

Kwa mtu wa Helsinki, pengine ipo nakala nyingine mahali. Kwa familia ambayo picha pekee ya marehemu baba imo ndani ya kompyuta moja ya mkopo, mandhari mazuri hayastahili hatari hiyo. Picha ya ukutani haina madhara. Rangi zinazokuja na mfumo wenyewe hazina madhara. Furushi linalotoka kwa watu wasiojulikana ndilo la kuogopa, hata lisipoomba neno la siri la mashine, na kabla ya kuligusa, picha ziwe zimekwisha kunakiliwa kwenye flashi iliyochomolewa.

Sura ya mashine si rangi tu. Ni maneno pia, na hapa Kasongo ina historia ndefu kuliko Linux.

Kiswahili kilifika hapa katika karne ya 19 na misafara ya pembe na watumwa kutoka pwani. Miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliufanya Kasongo kuwa mji wake mkubwa. Kilikuja kwa nguvu na kwa maumivu, na hilo halifichiki. Mwaka 1893 jeshi la Leopold likiongozwa na Francis Dhanis liliuteka mji. Mabwana waliondoka, lugha ikabaki. Watu wa Maniema waliishika, wakaikata kwa kipimo chao, wakaongeza maneno ya Kikusu, ya Kizura, ya Kibangubangu, baadaye ya Kifaransa, wakawapa watoto wao. Kingwana ni Kiswahili kilichovishwa mandhari ya hapa.

Lakini Kiswahili sanifu kilipotengenezwa, Kongo haikuwa mezani. Kamati ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilikuwa ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, chini ya Waingereza, na ilijenga juu ya lahaja ya Unguja. Ndiyo maana mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoingia katika mradi wa Kilinux pamoja na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, kwa msaada wa Sida, maneno yaliyochaguliwa yalikuwa ya mashariki. Kazi ilikuwa kubwa na ya heshima. Mwishoni mwa mwaka huo ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya kwanza ya ofisi ya namna hiyo kuzungumza Kiswahili na kugawiwa bure. Microsoft ilifuata na tafsiri yake muda mfupi baadaye. Ndipo watu walipoanza kubishana kama kompyuta iitwe kompyuta au tarakilishi, neno lililoundwa kwa kuunganisha tarakimu na akili. Mabishano hayo yalikuwa matamu huko Dar es Salaam na Nairobi. Kasongo walikuwa wanasema ordinatere, na wanaendelea kusema.

Kwenye menyu ya Dar es Salaam imeandikwa hifadhi. Mtu wa Maniema angesema chunga. Kwenye menyu ni kabrasha, birotike ni dosie. Kalenda kwenye kona ya kioo inasema Jumatatu na Januari, na hapa wapo wengi wanaosema siku ya kwanza, mwezi wa kwanza. Hakuna ubaya kujifunza neno la jirani, na Kongo iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 italihitaji. Lakini mzee aliyekimbia Kabambare, anayeketi mbele ya mashine kwa mara ya kwanza ili asikilize sauti ya mjukuu wake, hapaswi kufikiri kwamba Kiswahili chake kimekosea kwa sababu mashine haikijui.

Katika orodha ya kimataifa ya lugha, Kiswahili cha Kongo kina alama yake peke yake: swc, herufi tatu. Alama hiyo inatosha kwa programu ya Linux kupokea tafsiri yake tofauti na ile ya pwani. Tafsiri yenyewe haihitaji mtaalamu wa kuandika programu. Programu nyingi zina faili la maandishi: mstari mmoja wa Kiingereza, na chini yake mstari wa kujaza kati ya alama mbili za kunukuu. Mwalimu wa sekondari anaweza kulifungua, akajaza mistari 20 jioni moja paneli ikiwa na nguvu, akampa mwenzake flashi, naye akarekebisha mitano na kuongeza 30. Faili linaweza kwenda hivyo kwa mkono hadi siku mtu mmoja atakapofika penye intaneti na kulituma kwa wenye programu.

Sehemu kubwa ya maneno ya GNOME na KDE haijajazwa hata kwa Kiswahili cha Unguja. Mstari usiojazwa hauzuii kitu: programu inafunguka, inafanya kazi, na mahali hapo panaonekana Kiingereza.